Mzee, Hilo Si Jiwe

Mwishoni mwa Machi nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Kizingo, mteja wangu wa mwaka wa pili sasa. "Fundi, njoo uone mwanangu, mawe yangu yametakata!" Nikajua. Nilifika, nikamwamkia, nikachutama mbele ya tangi lake la matumbawe hai. Yufilia yake, aina ya tumbawe, ambayo Desemba niliiacha ya kijani yenye ncha za zambarau, ilikuwa nyeupe kama tui. Na mzee anatabasamu.

Hii ni mara ya nne mwaka huu, ndiyo maana naandika badala ya kulala.

Najua tulikolitoa hilo neno "jiwe". Mombasa tumezaliwa ndani ya matumbawe. Kuta za Mji wa Kale ni matumbawe, chokaa iliyopakwa juu yake ni matumbawe yaliyochomwa, Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 ni matumbawe. Mtu wa hapa ukimtajia tumbawe anaona tofali, na tofali halili, tena likiwa jeupe ndio bora. Lakini tulichojengea ni mifupa. Mwenye mifupa ni ngozi nyembamba inayoilalia juu, yenye vinywa vidogo na minyiri, na ndani ya ngozi hiyo wamo wapangaji: mwani wa seli moja. Mwani ndio unaoipa sehemu kubwa ya rangi. Ukiondoka, ngozi inabaki angavu kama nailoni na unauona mfupa kupitia mwilini. Mzee alikuwa anafurahia mifupa ya mgonjwa. Hajafa bado, ila ana wiki chache tu.

Sasa kuna kundi la pili, wale waliosoma kidogo. Hawa wanajua mwani hutengeneza sukari kwa mwanga na kumpa mwenyeji wake, na kwamba kwenye mwanga mzuri sukari hiyo inaweza kufika tisa ya kumi ya nguvu anazohitaji. Kwa hiyo wananunua taa ya bei ya pikipiki na kufunga mjadala. Bwana, sukari ni wali mtupu. Mwili haujengwi kwa wali mtupu, unataka kitoweo: naitrojeni na fosforasi, ambazo tumbawe huzipata kwenye mikojo ya samaki na kwenye viumbe linavyovidaka lenyewe.

Na hapo ndipo linapokuja lile neno linalonipandisha presha: sifuri. Mzee alinionyesha vipimo vyake kwa fahari kama cheti cha mtoto. Nitreti, yenye ile naitrojeni, sifuri. Fosfeti, yenye ile fosforasi, sifuri. Skima, mashine ya kutoa uchafu kwa povu, inanguruma usiku na mchana, mfuko wa chembechembe za kuvuta fosfeti umejaa, na kwenye lita 300 anaishi kisamaki kimoja tu. "Si ndivyo bahari ilivyo?" akaniuliza. Ndivyo, na sivyo. Ukipima maji ya mwambani utakuta nitreti na fosfeti kidogo sana, kweli. Lakini usiku kucha mkondo unapitisha vijidudu, mayai, viluwiluwi vya kaa, mavi ya samaki. Meza ya bahari haina makombo kwa sababu kila sahani inayopita inaliwa, na sahani hazikomi kupita. Tangini hakuna sahani isipokuwa uilete wewe. Ukiiga usafi wa bahari bila kuiga sahani zake, umeiga njaa.

Mimi nataka nitreti kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, fosfeti karibu 0.05. Kuna mafundi watakaonicheka kwa hizo namba. Sawa. Mimi mwenyewe nilikuwa mtumwa wa sifuri mpaka nilipoongeza zile chembechembe maradufu na kupoteza matumbawe matatu aina ya akropora ndani ya siku kumi, ncha zikiungua moja baada ya nyingine huku vipimo vikinisifu.

Je, ya mzee ilikuwa njaa tu? Hapo sitajidai. Ilikuwa kaskazi, chumba kinachoma, na kipimajoto kilisoma nyuzi 30.5. Tumbawe lenye upungufu wa fosfeti hupauka upesi zaidi likipigwa na joto na mwanga, kwa hiyo nadhani viwili vilishikana mikono. Feni ya kupuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili hivi, ila inakausha maji, kwa hiyo ongeza maji matamu yaliyochujwa kila siku. Chumvi 35 kwa elfu, alkaliniti (kinga ya maji dhidi ya asidi) 8 dKH, kalsiamu miligramu 420 kwa lita, magnesiamu 1,300, na usizichezeshe. Maji ya kuchota baharini ni mazuri, lakini si ya hori ya Tudor baada ya mvua za masika. Na kwenda kung'oa tumbawe mwambani, hilo tusiliongee, nunua kipandikizi.

Kulisha kwenyewe. Zima taa, ngoja saa moja, washa tochi nyekundu. Utaona kile ulichokiita jiwe kimetoa minyiri nje kote. Zima pampu. Chukua duvi wabichi waliokatwakatwa na kusuuzwa, wavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, wadondoshe taratibu. Mnyiri unagusa, unanata, unajikunja, na mdomo katikati unafunguka kama tundu la kitufe. Kamba wako atakuja kupora chakula hadi kinywani mwa tumbawe, kwa hiyo kata kitako cha chupa ya maji, lifunike tumbawe kwa chupa hiyo, lishia mdomoni mwa chupa. Mara mbili kwa wiki inatosha, isipokuwa ukiwa na tubastraea, lile waliloliita tumbawe la jua. Hilo halina mwani hata chembe, wala halina haja na jua. Usipolilisha karibu kila siku litakufa chini ya taa nzuri kuliko zote Nyali.

Zile chupa za amino asidi za kulishia matumbawe? Nilimwagia tangi moja miezi mitatu na jingine nikaliacha. Sikuona tofauti. Bado namwaga, msiniulize kwa nini.

Kwa mzee tulipunguza mwanga nusu, tukaweka feni, skima ikawa ya usiku tu, tukatoa ule mfuko, na tukaongeza samaki wanne mmoja mmoja. "Kwa hiyo unataka niyachafue maji?" Nikamwambia ndiyo, kidogo. Hakupenda.

Jana usiku amenitumia picha. Kwenye vitako vya minyiri kumerudi ukahawia, kama chai ikianza kuingia kwenye maziwa. Chini ameandika: "Fundi, mawe yameanza kuchafuka tena."