Kiburi Kinachoingia Hekaluni: Dhana Potofu Kuhusu Dhambi Tusiyoitambua

Wakristo wengi tukisikia neno kiburi, mtu anayetujia akilini ni tajiri asiyeitikia salamu, mkubwa anayewafokea walio chini yake, au msomi anayemdharau kila asiyesoma. Kwa kuwa sisi si watu hao, tunashusha pumzi na kuamini kwamba onyo hilo linamhusu mwingine. Dhana hiyo inafaa kusahihishwa kwanza, kwani ndiyo inayozikinga nyingine zote. Maandiko hayakipimi kiburi kwa mali wala kwa cheo. Paulo aliwauliza Wakorintho, "Nawe una nini usichokipokea?", na swali hilo linatosha kutuonyesha kiburi kilipo: ni kupokea kisha kusahau kwamba ulipokea. Fukara anaweza kusahau hivyo sawasawa na mfalme.

Dhana ya pili ni ya hatari zaidi, nayo huenea hasa miongoni mwa watu wa ibada. Inasema kwamba anayesali kwa bidii, anayefunga na kutoa zaka, amekwisha kukiacha kiburi nje ya mlango wa kanisa. Tumsikilize yule Farisayo wa Luka 18, mtu wa dini aliyekwenda hekaluni kusali katika mfano aliousimulia Yesu. Hakuwa mnafiki wa kubuni matendo asiyoyafanya. Torati iliagiza mfungo wa siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, ilhali yeye alifunga mara mbili kwa juma. Alianza hata kwa kumshukuru Mungu, na maneno "Ee Mungu, nakushukuru" yangeweza kuwa mwanzo wa sala nzuri kabisa. Lakini shukrani yake haikutaja neema yoyote aliyopewa. Ilitaja watu aliowazidi, na macho yake, badala ya kuelekea juu, yalikwenda pembeni hadi kwa mtoza ushuru aliyesimama mbali akijipigapiga kifua. Farisayo huyo hakuomba kitu, wala hakurudi nyumbani na kitu.

Habari za mfalme Uzia katika 2 Nyakati 26 zinaingia ndani zaidi, na mimi huzisoma kwa hofu kila mara. Alitawazwa akiwa na umri wa miaka 16 na akatawala Yerusalemu miaka 52. Alimtafuta Mungu, akajenga minara, akachimba visima, akasaidiwa kwa namna ya ajabu hata alipokuwa na nguvu, na ni hapo moyo wake ulipotukuka. Kiburi chake hakikumpeleka kwenye sanamu wala kwenye ulevi. Kilimpeleka hekaluni, chetezo mkononi, afukize uvumba, kazi ambayo ilikuwa ya makuhani peke yao. Kuhani Azaria na makuhani wenzake 80 walipomzuia, alikasirika, na katika kukasirika huko ukoma ukamtokea katika kipaji cha uso, chetezo kingali mkononi mwake. Ni rahisi kudhani kwamba kosa lilikuwa la utaratibu tu. Kosa lilikuwa kwamba mtu aliyesaidiwa kila siku ya maisha yake alifika mahali pa kuamini kwamba hakuna mlango uliofungwa kwake, hata ule ambao Mungu mwenyewe aliufunga.

Jambo hili nalijua kwa karibu. Niliwahi kuongoza maombi mbele ya kusanyiko, nikanena maneno ya toba kwa sauti iliyotetemeka, na nilipoketi nikajikuta nikisikiliza "amina" zilikuwa nyingi kiasi gani. Toba yenyewe ilikuwa imegeuka kuwa mali yangu.

Wapo wanaosema kwamba kiburi ni tabia tu, doa dogo likilinganishwa na uzinzi au wizi. Walimu wa Kanisa la kale hawakuona hivyo. Evagrius wa Ponto, mtawa wa karne ya nne, alikiweka kiburi mwisho katika orodha yake ya mawazo mabaya manane, kama adui anayemngoja hata aliyewashinda wengine wote. Na Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa kuanzia mwaka 590 hadi 604, alikiita mzizi ambao maovu mengine huchipuka. Sababu yao inaeleweka. Mwizi huweza kuona haya, na haya hiyo ikamsukuma kutubu, bali kiburi hujilisha kwa mema yenyewe, hivyo mtu hukua nacho huku akidhani anakua katika imani. Yakobo anaandika kwamba Mungu "huwapinga wajikuzao", na neno la Kigiriki alilolitumia ni la kijeshi, la kikosi kinachojipanga kumkabili adui. Si kwamba Mungu anachoshwa na majivuno yetu. Ni kwamba neema hutolewa kwa mikono mitupu, na mwenye kiburi hana mkono mtupu wa kunyoosha.

Kwa kuogopa hatari hiyo, wengine huangukia dhana kwamba unyenyekevu ni kujidharau: kukana kipawa ulichonacho, kukataa kila sifa, kujiita si kitu. Lakini usiku ule alipowaosha wanafunzi wake miguu, Yesu aliwaambia, "Ninyi mwaniita Mwalimu na Bwana, nanyi mwanena vema, maana ndivyo nilivyo." Hakukana alivyo, na beseni la maji lilikuwa bado karibu. Anayejishusha kila wakati ili abembelezwe bado anajitazama yeye mwenyewe.

Imebaki dhana moja ambayo imewaumiza watu wengi, nami siwezi kuinyamazia: kwamba kumkosoa kiongozi wa kiroho ni kiburi, na kwamba mnyenyekevu hukaa kimya. Nimeona muumini akiuliza kwa heshima habari ya sadaka zilivyotumika, akajibiwa kwamba ana roho ya kiburi na anahitaji kuombewa. Hilo ni kuligeuza neno takatifu kuwa ngao ya mwenye mamlaka. Kefa alipojitenga na waumini wa Mataifa kule Antiokia kwa kuwaogopa waliotahiriwa, Paulo alishindana naye uso kwa uso, mbele ya wote, kama alivyowaandikia Wagalatia. Kefa huyo aliyekemewa siku ile ni Petro, mkubwa kati ya mitume. Ni katika waraka wake wa kwanza tunasoma tena kwamba Mungu huwapinga wenye kiburi, na katika ule wa pili aliyemkemea anaitwa "ndugu yetu mpenzi Paulo".