Samoni mbichi Nyanda za Juu Kusini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wanaokula samoni mbichi Mbeya na Iringa bado ni wachache, lakini maneno yanayosemwa kumhusu samaki huyu tayari ni mengi, na baadhi yake yanaweza kumlaza mtu hospitalini.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba samoni asiyewahi kugandishwa ndiye salama kuliwa mbichi. Ukweli ni kinyume chake. Samoni wa baharini asiyefugwa mara nyingi hubeba minyoo ya anisaki, vijidudu vyeupe vya sentimita 2 au 3, vyembamba mithili ya uzi, vilivyojikunja ndani ya mnofu, na kinachowaua ni kugandishwa ipasavyo. Kanuni za Umoja wa Ulaya hutaka sehemu zote za samaki wa kuliwa mbichi zifikie nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, ilhali mwongozo wa Marekani hutaja siku 7 kwa kiwango hicho hicho. Samoni aliyefugwa na kulishwa chakula kisicho na minyoo anaweza kusamehewa sharti hilo Ulaya, na ndiyo maana Wajapani, ambao kwa desturi hawakumla samoni wao mbichi, walianza kumkubali Norwei ilipowapelekea wa kufugwa katika miaka ya 1980. Friza ya nyumbani, inayofunguliwa kila mara na kuzimika umeme unapokatika, haiaminiki kwa kazi hiyo.

Limao na siki navyo hupewa sifa visizostahili. Asidi huufanya mnofu uwe mweupe, ukaonekana kama umeiva, lakini mnyoo hubaki hai, na aliyemmeza anaweza kushikwa na maumivu makali ya tumbo na kutapika ndani ya saa chache.

Wapo pia wanaosema kwamba baridi ya Mbeya, hasa ya Juni na Julai, inatosha kumhifadhi samaki. Hapana. Samaki mbichi anahitaji kukaa karibu na nyuzi sifuri usiku na mchana, si alfajiri tu, na kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, ambako kosa moja la barafu huharibu kila kitu. Ubaya zaidi ni kwamba bakteria aina ya listeria huendelea kuongezeka hata ndani ya jokofu, na kugandisha hakuwaui. Kwa sababu hiyo mjamzito hapaswi kula samoni mbichi, hata akiuzwa kwa bei gani.

Bei yenyewe si cheti cha usalama. Samoni wa kufugwa huchukua takribani miaka 2 hadi 3 kufikia ukubwa wa kuuzwa, chakula chake ni ghali, na husafirishwa kwa baridi tangu avunwe. Sokoni nako wafugaji wakipata janga, kama mlipuko wa mwani ulioua mamilioni ya samaki Chile mwaka 2016, bei hupanda hata kwa mnunuzi aliye mbali sana na bahari hiyo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokueleza kama samaki aliye mbele yako aligandishwa. Rangi nayo haisaidii, kwa kuwa wekundu wa samoni wa kufugwa hutokana na viambato vilivyotiwa kwenye chakula chake.

Dhana iliyobaki inatugusa sisi wenyewe. Kwa kuwa mbasa hupanda mito kutaga kama samoni, baadhi humwita samoni wa Ziwa Nyasa, na wengine hudhani basi analiwa mbichi vilevile. Mbasa si ndugu wa samoni. Yuko karibu zaidi na ningu. Samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, anaweza kubeba minyoo, ikiwamo tegu, na mbasa anayeshushwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, au kupangwa mezani katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, huuzwa akikusudiwa kupikwa. Achomwe au aungwe mpaka aive hadi mfupani, na wali wa Kyela uwe pembeni.