Ameachiliwa: kwa dhamana, kwa 87(a) au huru?

Habari ya mahakamani Lamu ikifika mtaani huwa neno moja tu: ameachiliwa. Hapo bado hujaambiwa kitu. Muulize karani: kwa kifungu gani?

Dhamana ndiyo inayokosewa zaidi. Si faini, wala si msamaha. Ni ahadi ya kurudi mahakamani, na Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinampa haki hiyo kila aliyekamatwa, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Pesa taslimu hurudishwa kesi ikiisha, hata mshtakiwa akipatikana na hatia, mradi alikuwa akifika kila tarehe aliyopewa. Anayerudishiwa ni mwenye jina kwenye risiti. Hapo ndipo jamaa hugombana: wamechanga wengi, aliyetumwa kulipa ni mmoja, risiti imetoka kwa jina lake. Andikianeni mapema nani katoa ngapi. Kwa bondi, mdhamini huweka hati ya shamba au ya gari badala ya pesa, na mshtakiwa akitoroka, mdhamini anaweza kudaiwa kiasi chote kilichoandikwa. Mvuvi aliyezuiwa na upepo wa kusi kule kisiwani Kiwayu ampigie simu mdhamini au wakili kabla ya tarehe ya kesi, maana baada ya hapo hakimu huweza kutoa hati ya kumkamata.

La pili ni kesi kuondolewa, na hapa herufi moja ina uzito. Chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Taratibu za Jinai, kiongozi wa mashtaka huiondoa kesi kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea. Anakwenda nyumbani, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Ikiondolewa baada ya kutakiwa kujitetea, hiyo ni 87(b), naye huwa ameachiliwa huru. Watu wanapika biriani kwa 87(a), wangengoja kidogo.

Kuachiliwa huru hasa ni pale hakimu anapoona hakuna kesi ya kujibu (kifungu cha 210), au anapomaliza kusikiliza pande zote na hatia haikuthibitika (215). Katiba inakataza kumshtaki mtu tena kwa kosa aliloachiliwa hivyo. Upande wa mashtaka, hata hivyo, unaweza kukata rufaa, na muda wake ni siku 14.

Yupo pia mwenye hatia asiyefungwa. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kumwachilia bila adhabu, au kwa sharti la kutotenda kosa jingine kwa muda usiozidi miezi 12. Kifungo cha nje huwa cha miezi 6 hadi miaka 3, chini ya afisa wa probesheni. Kabla ya hukumu afisa huyo hufika mtaani kuulizia, kwa hiyo majirani msimkimbie.

Wazee wakisuluhisha ugomvi mdogo, kesi haifi barazani. Mlalamishi lazima afike mbele ya hakimu aombe kuiondoa, na hakimu akubali. Kesi ya unajisi wa mtoto haiingii humo kabisa: familia haina uwezo wa kuifuta, hata mahari yakishatajwa. Kadhi naye hasikilizi jinai. Zake ni ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kisheria.

Gerezani, kupunguziwa thuluthi ya kifungo kwa nidhamu njema si msamaha wa Rais. Aliyefungwa miaka 3 hutoka baada ya 2, lakini wa kifungo cha maisha hana hesabu hiyo. Msamaha wenyewe, wa Kifungu cha 133 cha Katiba, hupitia kamati ya ushauri, na ombi linaweza kuletwa na mtu yeyote, si mfungwa peke yake. Rais anaweza kusamehe kabisa, kusamehe kwa masharti, kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe nyepesi au kuifuta yote au sehemu.

Vyovyote alivyoachiliwa, chukueni namba ya kesi na nakala ya amri iliyogongwa muhuri. Akikamatwa tena kwa kosa lilelile, karatasi hiyo ndiyo ya kumwonyesha polisi.