Kabla ya mashine, nionyeshe ghala

Kila ninapoalikwa kutazama kiwanda cha kubangua korosho, iwe Newala au Masasi, wenyeji hunivuta moja kwa moja kwenye mashine. Mimi huomba tuanzie ghalani. Msimu wa kuuza korosho Kusini mwa Tanzania ni miezi michache tu, hasa Oktoba hadi Januari. Mwenye kiwanda anayetaka wafanyakazi wake wawe kazini hadi Agosti lazima anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya muda huo. Hela ni ya mkopo, na riba haisubiri korosho ibanguliwe. Mwenzake anayesafirisha korosho ghafi kwenda India au Vietnam hununua, hupakia meli, hulipwa, basi. Wote wawili hugombea mzigo uleule mnadani.

Hili halikuzingatiwa miaka ya 1970, Serikali ilipojenga viwanda kumi na viwili kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mitambo kutoka Italia na Japani: Likombe, Mtama, Nachingwea, Tunduru na kwingineko. Wakati kuta zinapanda, korosho zenyewe zilikuwa zinatoweka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Kufika 1986/87 zilibaki kama 17,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, mikorosho ikabaki porini mbali na nyumba; bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni; kisha ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukakausha maua. Vipo viwanda ambavyo havikufanya kazi hata siku moja. Vilipobinafsishwa, baadhi viligeuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri kusafirishwa! Nikisimulia hili kwa wageni huwa wanacheka, wenyeji hawacheki.

Mitambo nayo ilikuwa na kasoro yake: ilivunja sana. Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kama kilo moja ya korosho karanga, yaani kiini kilichotolewa gandani, na faida yote imo kwenye karanga nzima na nyeupe. Vipande huuzwa kwa bei ya kutupa. Mama mwenye mkono mwepesi, aliyejipaka majivu vidoleni ili mafuta ya ganda yasimbabue, alibangua vizuri kuliko mtambo wa mamilioni.

Leo silaha kuu ya Serikali ni ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, asilimia 15 ya thamani yake. Nia ni kumpa mbanguaji wa ndani nafuu. Lakini mnunuzi wa nje huukata ushuru huo kwenye bei anayotaja mnadani, kwa hiyo anayeulipa hasa ni mkulima. Zamani sehemu kubwa ilimrudia kwa njia ya salfa, dawa ya ubwiriunga, na miche kupitia mfuko wa zao. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, fedha zote zikaelekezwa Hazina. Mwishoni mwa mwaka huohuo wakulima wakagomea bei ya mnada, Rais Magufuli akatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba mzigo.

Mimi ningechukua sehemu ya ushuru huo niifanye dhamana ya mikopo ya msimu, mzigo wenyewe ukiwa rehani, na ufunguo wa ghala ashike mwenye benki. Mashine nzuri siku hizi zinapatikana Vietnam, tena kwa bei inayoshikika.