Kabla hujalipia kobe albino, mwangalie jicho

Wiki iliyopita kaka mmoja alinijia na ndoo. Ndani mlikuwa na kobe mdogo wa maji, rangi ya embe bivu. "Albino huyo, nimempata kwa bei ya kutupa!" Nilimwinua kobe dirishani, nikamtazama jicho, nikamrudisha ndooni. Hakuwa albino, na bei ile haikuwa ya kutupa hata kidogo.

Ninafuga na kuzalisha kobe wa masikio mekundu hapa Texas (kitaalamu *Trachemys scripta elegans*), na ubishi huu naukuta kila msimu wa kutotoa mayai. Basi nieleze ninachokitazama. Neno zeruzeru silitumii, hata kwa mnyama.

Ualbino ni kukosa melanini, ile rangi nyeusi na ya kahawia. Kobe wa kawaida ana mstari mweusi unaokata jicho katikati, kutoka upande hadi upande. Albino hana mstari huo, na mboni yake kwenye mwanga ni nyekundu kama punje ya komamanga. Kucha zake zinapenya mwanga. Mgeuze: yale madoa meusi ya tumboni hayapo, ni njano tupu. Ukikuta doa jeusi au kijivu hata moja, iwe pembeni mwa gamba au kwenye ukucha, weka pesa yako mfukoni.

Wengi hukwama kwenye ule mstari mwekundu nyuma ya jicho. Wanadhani albino hapaswi kuwa nao, kwa hiyo humkataa kobe halisi! Wekundu ule na unjano wa ngozi havitokani na melanini, ndiyo maana hubaki, tena huwaka zaidi.

Yule wa kwenye ndoo ndiye tunayemwita pasteli. Hupatikana mayai yakiatamiwa kwenye joto la juu mno: rangi huvurugika, gamba likatoka na mabaka ya chungwa, waridi na kijani kilichofifia, na mara nyingi vipande vya gamba havikupangika sawa, kimoja kimezidi au kimepinda. Jicho lake lina mstari mweusi kama kawaida. Ni kobe mzuri, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na anayemuuza kwa jina lisilo lake, kwa sababu rangi ya joto hairithiwi. Ukimpandisha na albino wa kweli, usitegemee kifaranga wa njano; utapata wa kijani, ingawa kila mmoja atakuwa amebeba nusu ya siri ya mzazi albino, yaani jeni moja ya ualbino badala ya mbili. Ukiwapandisha wawili wenye nusu hiyo, kwa wastani mmoja kati ya wanne hutoka albino. Kwa hiyo muulize muuzaji kuhusu wazazi. Mzalishaji wa kweli atakuchosha kwa maelezo. Mlanguzi atabadilisha mada.

Kuna wa katikati pia. Wapo albino wa T+, ambao mwili wao hutengeneza rangi kidogo, hivyo wana kahawia nyepesi na macho yasiyokuwa mekundu sana. Hao ni halali mradi muuzaji aseme hivyo. Na kuna kobe wa gamba laini wa China, wa rangi ya dhahabu: huyo anaweza kuwa albino kweli, lakini ni mnyama mwingine kabisa, anayetaka mchanga wa kujifukia na mwenye shingo ndefu ya kukufikia kidole.

Jambo moja la sheria. Tangu 1975 Marekani inakataza kuuza kobe wa kufugwa ambaye gamba lake halijafika inchi 4, kama sentimita 10, kwa sababu ya salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Wauzaji hupenya kwa kuandika "kwa ajili ya elimu". Na udogoni ndipo pasteli anapofanana zaidi na albino. Wengine hufifia wakikua.

Ukimpata wa kweli, mpe kivuli cha kutosha na umwekee chakula karibu na mdomo. Wachanga wao hawaoni vizuri, na nimewaona wakiuma maji pembeni kabisa mwa chakula.

Kaka wa ndoo alimpigia muuzaji simu palepale. Akajibiwa kwamba macho "yatakuja kuwa mekundu baadaye". Tulicheka mpaka machozi. Kobe amebaki naye, na jina amempa Embe.