Ukimlazimisha asiye na kazi kuchimba lambo, atapata ajira?

Mara nyingi hapati. Uingereza walijaribu kuanzia 2011: anayepokea posho ya kukosa ajira alipelekwa kwenye kazi wiki 4, hadi saa 30 kwa wiki, na akikataa posho inakatwa. Tathmini ya 2012 ya wizara yao wenyewe ilionyesha kuwa baadhi waliacha posho kwa muda mfupi tu, ila kupata kazi hakukuongezeka. Sishangai. Aliyebanwa saa zote hizo atazunguka lini kutafuta kazi?

Sisi Tanzania tunakujua kulazimishwa huko. Chini ya Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 watu walikusanywa Dar es Salaam wakapelekwa vijijini na kwenye mashamba ya mkonge. Wengi walirudi, kwa kuwa kilichowatoa kijijini kilikuwa palepale.

Ajira za muda za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ni jambo jingine, ingawa huku Dodoma watu huzichanganya. Halazimishwi mtu, asiyefika halipwi siku hiyo. Awamu ya kwanza ya kunusuru kaya maskini ilikuwa siku 60 kwa mwaka kwa Sh 2,300 kwa siku, yaani Sh 138,000 kwa mwaka. Fedha hiyo inavusha kaya, haimpi mtu ajira. Na kalenda ndiyo inayoharibu: mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mradi ukichelewa hadi Novemba unagongana na kuberega, yaani kusafisha shamba kabla ya kupanda, mama anachagua ujira, na mtama uliochelewa unakutwa na kiangazi kifupi cha Februari katikati ya mvua.

Ukitaka ajira itoke humo, angalia nani anashika nini. Aliyebeba karai miezi 4 anatoka na maumivu ya mabega tu. Mpe zamu ya fremu A, kifaa cha kupimia usawa, kwenye makinga maji, yaani matuta ya kuzuia maji kwenye mteremko: miti miwili ya mita 2 hivi, mmoja wa kukazia katikati, kamba yenye jiwe. Kwanza weka alama kamba inapogusa mti wa katikati, geuza miguu ili wa kushoto ukae palepale ulipokuwa wa kulia, weka ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Ukiruka hatua hiyo kinga linainama, maji yanakusanyika upande mmoja na kulipasua.

Mwenye ujuzi huo aelekezwe VETA kwenye urasimishaji wa ujuzi (kupimwa na kupewa cheti cha ujuzi uliopatikana kazini) mapema, kazi ikiwa bado inaendelea. Mtathmini anataka kumwona akipima, barua ya mtendaji wa kijiji haitoshi.