Mwani wa kotonii umehamia maji makubwa, lakini chombo ni cha nani?

Siku ya kwanza kwenda Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, kupima joto la maji nilikuwa na kipimajoto, daftari na majibu yangu tayari kichwani. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali. Bibi mmoja alikuwa ameinama anafunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vyembamba vya kufungia. Nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi 35. Nikamwonyesha. Akacheka: "Mwanangu, hayo miguu yangu ishanambia zamani."

Kilimo hiki chenyewe kina damu ya chuo kikuu. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliupigia debe mwani tangu wengi wetu hatujauona kama zao, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake. Wanalima aina mbili: spinosamu, ambayo ni sugu, na kotonii, yenye bei nzuri zaidi lakini haivumilii joto. Maji yakipata joto sana, ncha zake hugeuka nyeupe, zinalainika, zinakatika. Kamba nzima inabaki na taitai tupu.

Wenzangu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Unguja, akiwemo Dk. Flower Msuya, walishughulika na jambo hili kwa miaka. Jibu mojawapo ni kuipeleka kotonii kwenye maji makubwa, yaani ya kina kirefu, yenye ubaridi, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija ili mawimbi yasiing'oe.

Kwenye karatasi, limekwisha. Ila shamba la maji mafupi mtu analifikia kwa miguu, maji yakitoka. La maji makubwa linataka chombo, na chombo kijijini ni cha mwanamume. Halafu wengi wa kina mama hao hawajui kuogelea! Mimi niliyesomea bahari sikuwa nimewauliza hilo hata mara moja. Kwa hiyo utafiti wetu ukabidi uanze upya: mafunzo ya kuogelea, na umiliki wa vyombo kwa vikundi.

Huko ndiko sera inapoingia, na haiingii kwa grafu. Nilipeleka ripoti nene kwenye ofisi moja, afisa akafungua ukurasa wa mwisho, akauliza, "Boti ngapi, na zitaandikwa kwa jina la nani?" Niliudhika. Leo naona aliuliza swali la maana kuliko yote yaliyokuwa mle ndani. Tangu 2020 Zanzibar ina Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na boti zimeshagawiwa kwa wakulima wa mwani.

Juzi nilirudi Paje. Bibi yule yule akanisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Na mashine ikifa, fundi analipwa na nani?"

Nimeliandika kwenye daftari. Kwenye ripoti halimo.